Josho la Julai

Siku ya kwanza kazini alipewa koti la mvua lililotoboka kwapani na fimbo ya mtu aliyeacha kazi. Ilikuwa mwezi wa Juni, naye alikuwa na miaka 19. Kwa miaka 26 iliyofuata alikuwa mchungaji kwenye ranchi pale Lukenya. Wa ng'ombe, si wa kanisa, kama anavyopenda kuwakumbusha wageni.

Anayepita Barabara ya Mombasa akishaiacha Athi River huona kilima cha Lukenya chenye miamba na nyika ya nyasi, akadhani hii ni nchi ya joto mwaka mzima. Aje Julai. Masika yakiisha, upepo wa kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa Pwani huuita kusi, hupanda bara na unyevu wa bahari. Ukifika kwenye nyanda hizi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unyevu huwa wingu la kijivu linalotanda hadi saa sita mchana, na siku nyingine haliondoki kabisa. Theluji hakuna. Jua ndilo linaloadimika.

Ng'ombe huijua baridi hiyo kuliko mtu. Miezi ya joto ng'ombe hao wa Boran husukumana langoni kabla hakujapambazuka. Julai husimama wamebanana, migongo wameikunja, mvuke ukiwatoka puani. Umande wa kwenye nyasi ulimlowesha mchungaji mpaka magotini, na gambuti hazikumfaa kitu: maji yaliingia kwa juu yakabaki humo. Basi akajifunza kuchelewa. Nyapara aliuita uvivu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa josho. Ng'ombe waliogeshwa kila wiki, kwa kuwa kupe ndio wanaoleta ndigana kali, na ndigana haina mzaha na ndama. Lakini maji ya josho asubuhi ya Julai ni kama ya kisimani, na wazee walisema: subiri jua. Mwaka wake wa tatu, nyapara aliamuru wote waingie saa moja asubuhi, manyunyu yakiendelea. Akatii. Ndama mmoja wa madoadoa, wa miezi minne, alitokea upande wa pili akitetemeka hata kwato zikagonga saruji, ko, ko, ko. Alimkausha kwa gunia, akamlaza jikoni kando ya mafiga. Kikohozi kilianza usiku ule. Siku ya nne akafa. Kwenye daftari la ranchi iliandikwa: kupe.

Msimu huo ulikuwa na neema yake pia. Mbaazi zilizopandwa kwa mvua za vuli, Oktoba na Novemba, huiva wakati wa baridi, na jioni mkewe aliambua zile mbichi, nzuu kwa Kikamba, akazichanganya na muthokoi. Sufuria ilitokota tangu alasiri huku watoto wakigombea upande usio na moshi. Jumapili vijana wa Nairobi walikuja na kamba zao kukwea miamba. Mmoja aliomba maji ya moto. Mchungaji akamuuliza analipwa ngapi kwa kazi hiyo.

Siku hizi ana ng'ombe wanne wake mwenyewe. Huwapulizia dawa kwa bomba la mgongoni, na Julai bomba hilo huning'inia mlangoni mpaka akione kivuli chake uani.