Mfuko Mdogo Kwanza, Valizi Baadaye

Nendeni siku moja kwenye kiwanja cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, mkawatazame wanaosafiri. Karibu na meza ya kupimia mizigo mtamwona mama amepiga magoti sakafuni. Valizi yake imefunguliwa mbele ya watu wote. Anatoa viatu, anatoa unga, anatoa zawadi za wajukuu, na machozi yanamlengalenga. Mizani imesema kilo 29, tiketi yasema 23. Ndugu waliomsindikiza wamebaki nje. Kila kitu anachokitoa kinahitaji mtu wa kukipokea, na mtu huyo hayupo.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi, nami nimewasikia watu wakilaumu mizani, au wakimlaumu kijana anayeisoma. Mimi nasema shida hiyo haikuanzia mezani. Ilianza siku ile valizi iliponunuliwa.

Sisi tukijua kwamba tutapanda ndege, twaenda sokoni kwa furaha. Twaigonga valizi, twaisukuma, twatazama rangi yake, kisha twachagua ile iliyo kubwa kupita zote. Mfuko wa mkononi hatuukumbuki mpaka usiku wa mwisho. Ndipo mtoto anatumwa kwa jirani kuazima mfuko wowote, hata ule wa shule ambao zipu yake imekufa. Yafaa kuugeuza utaratibu huo. Tuchague kwanza mfuko mdogo, kwa uangalifu wote, na valizi ije baadaye.

Sababu yake ni hii. Valizi kubwa utaachana nayo. Itabebwa na watu usiowajua, itashushwa katika nchi usiyoiona, itahamishwa kutoka ndege moja mpaka nyingine, na mara nyingi itafika, lakini si kila mara. Mfuko mdogo haukuachi. Basi, mbele ya kupanga cho chote, jiulize: valizi ikichelewa siku tatu, ni kitu gani nitakachokosa hata niumie au nirudishwe nyumbani? Hicho ndicho cha kutia katika mfuko mdogo. Kwa kijana aendaye masomoni, ni diploma yake ya serikali, ile asilia. Kwa mgonjwa ni dawa zake na barua ya daktari. Kwa kila mtu ni pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo, fedha, simu na chaja yake, shati au vazi moja la kubadilisha, na anwani ya mwenyeji iliyoandikwa kwa kalamu juu ya karatasi. Simu hufa, karatasi haifi.

Vitu hivyo havizidi kilo nne au tano, nalo ni jambo jema, kwani mashirika mengi ya ndege huishia kilo 7 au 8 kwa mzigo wa mkononi, ingawa mengine hukubali 10 au 12. Kwa hiyo mimi siwashauri watu wanunue kivalizi chenye magurudumu cha kuingia nacho ndani ya ndege. Ni kizuri kukitazama, lakini chenyewe tupu huweza kufika kilo mbili au zaidi, na hapo umekula robo ya haki yako pasipo kutia hata soksi. Mfuko wa mgongoni wa kitambaa kigumu, wenye uzito usiofika kilo moja, wafaa zaidi. Mikono yako miwili inabaki huru, mmoja wa karatasi na mmoja wa mtoto. Utafute wenye mfuko wa ndani upande unaogusa mgongo. Humo zitakaa pasipoti na fedha, na mwizi hafiki huko pasipo wewe kumsikia.

Mwaka 2023 mama mzaa mke wangu aliitwa Bruxelles na binti yake wa mwisho, aliyekuwa amejifungua. Bibi huyo alikuwa na miaka 68, hajapanda ndege hata mara moja, tena ana ugonjwa wa sukari na hujidunga insulini kila siku. Shemeji zangu, kwa upendo, wakamnunulia valizi nyekundu ya plastiki ngumu, kubwa, yenye kung'aa. Nikaomba niipime ikiwa tupu. Kilo 5 na gramu 200.

Shemeji mkubwa akasema: "Shemeji, valizi hii ni ya nguvu. Hata lori likipita juu yake haivunjiki."

Nikamjibu: "Ni kweli, shemeji. Lakini Mama haendi chini ya lori, anaenda kwenye mizani."

Tulicheka, na valizi ikarudishwa dukani. Tukapata nyingine ya kitambaa kizito, ya kilo 3. Tofauti ni kilo mbili na zaidi. Tena tuliipima kwa utepe wa fundi cherehani: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite sentimeta 158, kwani hicho ndicho kipimo cha mashirika mengi, na magurudumu na mshikio huhesabiwa pia. Wenye kupenda masanduku makubwa wajue neno jingine: mzigo mmoja ukipita kilo 32, kwa kawaida haupokelewi hata ukitaka kulipa, kwa sababu ya kulinda migongo ya wale wanaouinua.

Juu ya magurudumu sina maneno mengi. Zamani wazee wetu walibeba masanduku ya bati kichwani, nao wazungu walibeba yao kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mwamerika mmoja, Bernard Sadow, alipata hati ya uvumbuzi wa valizi ya kuvutwa kwa kamba mwaka 1972. Rubani Robert Plath akaleta ile ya kusimama yenye magurudumu mawili na mshikio mrefu mwaka 1987. Siku hizi wengi wataka magurudumu manne. Juu ya sakafu laini ya kiwanja cha ndege hayo manne yanateleza yenyewe kama samaki majini. Lakini kwanza ufike kwenye sakafu hiyo! Anayetoka katika mtaa wa mchanga na mawe, magurudumu mawili makubwa, yaliyozama nusu ndani ya valizi, yatamfaa kwa miaka mingi zaidi.

Turudi kwa mama mkwe. Kwa desturi zetu mkwe hapekui vitu vya mama wa mke wake. Basi mke wangu na dada zake walipanga nguo chumbani, nami nikakaa barazani na mizani ndogo ya ndoana, ile ya kuning'iniza mzigo na kusoma kilo. Si ghali, na mtu asiyekuwa nayo aweza kusimama juu ya mizani ya nyumbani akiwa na valizi mikononi, kisha asimame tena bila hiyo, na kutoa hesabu. Kila aliyesikia habari ya safari alikuwa ameleta kifurushi kwa ajili ya mtoto wake, kaka yake, au rafiki aliye Ulaya. Vifurushi hivyo peke yake vilipita kilo 19.

Mama alikuwa ameketi kando, akisikiliza. Kisha akasema: "Mkwe wangu, usinitajie majina ya waliotuma. Unitajie kilo tu."

Nikatii. Vingine viliondoka kwa sheria, wala si kwa uzito: Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka nchi zetu, hata nyama iliyokaushwa, na sombe mbichi haipiti bila cheti cha serikali cha afya ya mimea. Samaki huruhusiwa mpaka kilo 20. Nilipofika kwenye mfuko mmoja wa kilo mbili sikutaja jina lo lote, lakini harufu ilitaja. Walikuwa ndagala wa Kalemie, waliotumwa na dada yake mkubwa kwa mwanawe aliyekuwa hajarudi nyumbani tangu miaka tisa. Mama akawaita binti zake: "Toeni vikwembe vyangu viwili. Huyu aingie." Vikatolewa. Valizi ikafungwa kwa kilo 22 na nusu. Nusu kilo tuliiacha makusudi, kwani mizani ya nyumbani na ile ya uwanjani si ndugu.

Insulini yake na sindano zilitiwa katika mfuko wa mgongoni pamoja na barua ya daktari. Jambo hili lisisahauliwe kamwe na wenye ugonjwa huo. Ndani ya ghala la ndege baridi yaweza kuwa kali, na insulini iliyoganda mara moja haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana njema. Watu wengine wanaogopa kwamba askari wa ukaguzi wataitupa kwa sababu ya ile amri ya vitu vya majimaji. Amri hiyo ilitoka baada ya njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi wa Agosti 2006: kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae katika mfuko wa plastiki wazi wa lita moja. Viwanja kadhaa vya Ulaya vyenye mashine mpya vimeanza kuilegeza, lakini anayepita viwanja viwili au vitatu afuate kilicho kikali zaidi. Dawa za mgonjwa na chakula cha mtoto mchanga havifungwi na kipimo hicho. Ni kuvionyesha tu na kuvieleza. Mafuta ya mawese hayana ruhusa hiyo. Yafungwe vema na kukaa katika valizi kubwa.

Kinyume chake ni ile pawabenki ya kuchajia simu. Hiyo haiingii kamwe katika valizi kubwa, kwani betri za namna hiyo zikiharibika huwaka moto, na ghalani hakuna mtu wa kuuzima upesi. Tarehe 28 Januari 2025, huko Busan, Korea ya Kusini, ndege iliteketea ingali chini uwanjani. Watu wote waliokolewa, na wachunguzi waliona kwamba chanzo chaelekea kuwa betri ya namna hiyo. Ununuapo, tazama maandishi madogo mgongoni mwake: isizidi wati-saa 100. Zile za miliampea-saa 20,000 huwa karibu na 74, nazo hukubaliwa. Isiyo na maandishi yo yote usiibebe, hata kama ni ya bei nafuu.

Madukani wanauza pia mito ya shingo, vifunika macho, na vikorokoro vingine vingi vya wasafiri. Sitawakataza. Lakini mama mkwe alichukua kikwembe kimoja tu begani. Ndani ya ndege, baridi ilipoanza, kilikuwa blanketi. Usiku kilikunjwa kikawa mto. Asubuhi akajifunga, akashuka akiwa mwanamke mwenye heshima yake. Sijaona dukani kitu kinachofanya kazi tatu kwa bei hiyo.

Imebaki alama ya mzigo. Watu hufunga utepe mrefu kwenye mshikio ili wautambue, na utepe huo huweza kunaswa katika mitambo. Mke wangu alikishona kipande cha kitenge kuzunguka mshikio, kikabana kabisa. Ndani ya valizi, juu ya nguo, tulitia karatasi yenye jina, namba ya simu na anwani ya Bruxelles. Kibandiko cha safari ya zamani, kama kipo, king'olewe chote. Pale mezani, mfanyakazi alipofunga kibandiko kipya, nilikuwa nimemfundisha Mama azitafute herufi tatu za mwisho wa safari. Kwa Bruxelles ni BRU, ijapokuwa ndege ilipitia Addis Ababa, ambayo ni ADD. Aendaye Kinshasa atafute FIH. Arudiye kwetu Lubumbashi, FBM. Akazisoma kwa sauti, kidole juu ya karatasi, mpaka kijana wa mezani akatabasamu. Kipande kidogo chenye namba kumi akakitia pamoja na pasipoti.

Kilimfaa. Alipofika Bruxelles mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukasimama, na valizi haikuonekana. Binti yake, aliyekuja kumpokea, alikuwa amefundishwa kwa simu: wasitoke uwanjani mbele ya kuandikisha. Wakaonyesha namba zile kumi na picha ya valizi tuliyoipiga barazani, wakapewa karatasi ya madai. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoongoza safari nyingi za kimataifa, humpa abiria siku 7 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukifika umevunjika, na siku 21, tangu siku aliyokabidhiwa, ukiwa ulichelewa. Lakini aliyeandikisha siku ile ile hana haja ya kubishana. Kisha wakaenda nyumbani. Bibi akajidunga insulini yake kwa saa yake, akabadilisha vazi, akampakata mjukuu.

Valizi ililetwa mpaka mlangoni siku ya tatu, jioni. Ndagala walikuwa wazima. Mwenye ndagala alikuja kesho yake, na binti alituandikia kwamba alikula akiwa amesimama jikoni, hata hakungoja bukari iive.