Tupime nyumba kabla ya kununua mbao

Tangu kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zivunjwe Februari 2025, waliorudi wananiuliza: nyumba imeharibika, tuanzie wapi? Nawajibu: anzeni kwa kupima.

Vitshumbi iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Mbele ni Ziwa Edward, nyuma ni mbuga. Hatuna pa kusogeza nyumba. Tunapanga upya ndani. Kila sentimita ina kazi.

Kwetu tulipima wawili, kila mmoja akishika ncha ya mita ya fundi. Tuliandika urefu wa kila ukuta, unene wake, milango na madirisha. Halafu tukapima kona kwa kona, mara mbili. Kuta zinazotazamana zikilingana na vipimo hivyo viwili vikilingana, chumba kimenyooka. Vikitofautiana, kimepinda, na fundi wa mabati ajulishwe mapema.

Kwenye daftari la miraba, sentimita 2 zilisimama badala ya mita 1. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikawa sentimita 6 kwa 8. Mama akaonyesha kwa kidole mahali pa nyavu, na mahali shangazi na watoto wake watakapolala. Tulibishana juu ya karatasi, kabla hela haijatoka.

Andikeni pia majina ya majirani wa kila upande. Chora nakala mbili, moja ibaki kwa ndugu aliye mbali. Tukilazimika kukimbia tena, nyumba haibebeki, karatasi inabebeka.