Nilimdhulumu Mama wa Nakonde

Nilimdhulumu mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, na nilijua kwamba namdhulumu. Natanguliza hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimelisimulia jambo hili kama kupishana kwa saa tu. Si kweli.

Asiyefika kwetu Tunduma huenda akadhani mpaka wa Tanzania na Zambia ni mto au pori. Hapa mpaka ni mtaa. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mtu anaweza kuwa na duka Tanzania na shangazi Zambia, akamtembelea kwa miguu. Kwacha na shilingi hubadilishwa barabarani, malori ya shaba yanayokwenda bandari ya Dar es Salaam hupanga foleni ndefu, na tangu 2019 maofisa wa nchi mbili huhudumia wasafiri katika kituo cha pamoja. Saa ndizo hazijaungana. Kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, Nakonde ni saa mbili.

Tena ukilitazama jua, wao ndio wako karibu nalo zaidi. Saa ya Zambia hufuata mstari wa nyuzi 30 mashariki, unaopita ndani ya Zambia yenyewe. Yetu hufuata wa nyuzi 45, ambao haugusi Tanzania kabisa. Uko baharini, karibu na Mayotte. Tunduma ipo kwenye nyuzi 33 hivi. Ndiyo maana kwetu jua hufika utosini karibu na saa saba mchana, na Nakonde, hatua chache tu kutoka hapo, karibu na saa sita.

Sisi wanunuzi wa nafaka wa upande huu tuna mazoea ya kusema "saa mbili" bila kutaja ni za nchi gani. Muuzaji wa Zambia anatakiwa ajue mwenyewe kuwa ni zetu. Hakuna siku tuliyokubaliana naye hivyo. Fedha tunazo sisi, basi.

Mama yule alikuwa mgeni kwangu, mkulima wa kijijini. Tulipatana kwa simu kwamba ataleta maharage saa mbili asubuhi, yapakiwe kwenye Fuso la kwenda Mbeya. Saa mbili yangu ikapita. Nikampa mfanyabiashara mwingine nafasi yake. Ilipofika saa tatu akatokea, anatembea nyuma ya mkokoteni alioukodi kwa fedha yake. Nikamfokea mbele ya wapagazi na madereva. Nilimwambia Wazambia hawajui thamani ya muda. Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha simu yake, akasema, "Baba, si tulisema saa mbili?"

Pale pale nilielewa. Nimeishi mpakani miaka mingi, siwezi kudai nilisahau. Lakini watu walikuwa wananitazama, nafasi nilikwisha kuiuza, na niliona aibu kurudi nyuma. Nikamwambia simu yake ni mbovu, mzigo wake siutaki. Akauza kwa dalali mwingine siku ile ile kwa bei ya kutupa, maana kuyarudisha kwake kungemgharimu zaidi.

Baadaye nilimtafuta, nikamlipa tofauti ya bei na gharama ya mkokoteni, nikamwomba radhi. Alipokea fedha. Hakuniuzia tena, na sina haki ya kumlaumu. Tusi nililomtukana mbele za watu sikulifuta mbele za watu hao hao, na hilo linaniuma kuliko fedha. Ndiyo sababu nimeandika haya.

Wanunuzi wenzangu wa Tunduma, mnapopiga simu ng'ambo semeni wazi: saa za Tanzania au saa za Zambia. Na mkulima akifika kwa saa yake wakati ninyi hamkutaja yenu, pokeeni mzigo wake kwa bei mliyopatana.