Deni Lililoandikwa Kiganjani

Mama yangu anauza chumvi Ivuna. Siyo ya pakiti, ni ile ya kwetu, ya kuchuja na kuchemsha wakati wa kiangazi. Watu wa mbali wakiijua Ivuna wanaijua kwa kimondo kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938, ambacho kipande chake kimefika hadi London. Sisi tunaijua kwa chumvi, na wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo ina karne nyingi.

Wateja wa mama wengi wanatoka Tunduma na wanachukua kwa mali kauli. Madeni yao yako kwenye kaunta buku. Mtu akimlipa njiani, mama anaandika kiasi kiganjani kwa peni, jioni anahamishia kwenye kitabu kabla hajanawa. Nilikuwa naona aibu sana na kile kiganja.

Mwaka wa pili tukasoma Python. Tulipofika kwenye klasi nikajiona mtaalamu. Likizo nikarudi nyumbani na laptopu ya kuazima, nikamwambia mama aweke kaunta buku pembeni. Moyo wa programu yangu ulikuwa huu:

class Mteja:
    def __init__(self, jina, deni):
        self.jina = jina
        self.deni = deni

    def lipa(self, kiasi):
        deni = self.deni - kiasi
        print("Umebakiza", deni)

Msomaji unayejua Python umeshaona. Mimi sikuona. Nilijaribu deni la 120,000, malipo 80,000, kioo kikaandika "Umebakiza 40000". Nikapiga makofi. Mama naye akapiga, maskini.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa Tunduma alikuja kuongeza mzigo. Mama akaniuliza orodha inasemaje. Nikasoma kwa sauti, mbele ya wateja wengine: 120,000. Yule dada akanyamaza kidogo, kisha akatoa simu na kufungua meseji ya muamala. Elfu themanini, tarehe ipo, jina la mama lipo. Akasema, "Shikamoo mama, deni langu hili hapa," akahesabu elfu arobaini, akaondoka bila mzigo.

Usiku nikakaa na ile kodi. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja. "deni" iliyo ndani ya lipa siyo "self.deni". Ni kigeu cha ndani, kinazaliwa fankisheni ikiitwa na kinakufa ikiisha. Print iliwahi kukisoma kikiwa bado hai, ndiyo maana kioo kilisema kweli. Lakini yule mteja mwenyewe, yaani kitu kilichohifadhiwa na ambacho orodha inakisoma, hakuguswa. Ilitakiwa iwe:

self.deni = self.deni - kiasi

Kinachoniuma ni kwamba Python haikulalamika. Mwenzangu wa darasani aliandika "deni = deni - kiasi", bila self kabisa, akapata UnboundLocalError palepale. Maana ukishalipa jina thamani ndani ya fankisheni, Python inalihesabu la ndani kwa fankisheni nzima, na yeye alitaka kulisoma kabla halijawa na kitu. Tulimcheka. Kumbe kosa lake lilipiga kelele, langu lilitabasamu. Na mliotokea kwenye Java mjihadhari zaidi: kule jina tupu linaweza kufika kwenye sifa ya kitu lenyewe, huku bila self halifiki.

Mama alikuwa macho. Akauliza, "Sasa hiyo arobaini uliiandika wapi?"

"Ndani ya hii sehemu ya kulipa tu, mama. Ikimaliza kazi inafutika."

"Kwa hiyo uliandika kiganjani, ukanawa."

Nimesoma silaidi za mhadhiri mara tatu, sijakuta maelezo yanayoizidi hiyo.

Mwezi wa saba naenda fildi. Nikipewa somo la kompyuta, nimeshaamua wanafunzi wangu watalipa mara mbili kwa mteja yuleyule kabla hawajaniambia programu inafanya kazi. Malipo ya kwanza hayaoneshi kitu. Mimi ningelipa mara ya pili, hata shilingi mia, ningeona hesabu inaanzia 120,000 tena.

Yule dada nilimpigia kuomba radhi. Akasema, "Nimesikia, mwanangu, soma kwa bidii." Msimu ule alichukua chumvi kwa mtu mwingine, na huu pia. Programu nimeirekebisha, iko sawa, nimeijaribu kila namna. Mama amerudia kaunta buku, na nikitaka kupiga tena Tunduma ananiambia niache.