Ile Miezi ya Simu za Usiku

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa katikati ya taabu, mimi ni wakili hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Babu yangu aliishi mtaa wa Kadutu wakati wa Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Costermansville. Mchana alifagia ofisi za wazungu, jioni akarudi mtaa wa weusi. Mtu mweusi kuvaa joho la wakili? Nani angewaza! Uhuru wa 1960 uliwafungulia wanaume mlango. Wake zao walibaki kizingitini: Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya tendo lolote la kisheria. Nilikisoma kifungu hicho darasani nikiwa nimeolewa. Mungu alinipa mume aliyesema, "Mama watoto, endelea."

Mwanzoni watu waliingia ofisini, wakaniangalia, wakauliza avoka, yaani wakili, yuko wapi. Mwalimu wetu aliwahi kutusimulia habari za Charlotte Ray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani, mwaka 1872. Alifungua ofisi Washington, lakini kwa sababu ya weusi wake na uanamke wake wateja hawakuja. Akafunga, akaenda kufundisha shule New York. Niliogopa kuishia hivyo.

Kisha akaja mama mmoja na binti yake aliyebakwa. Wabakaji walikuwa na bunduki. Nikaipokea kesi.

Simu zikaanza. Usiku. Hawakutaja jina. "Nyumba yako tunaijua."

Tarehe 31 Julai 2005, watu wenye silaha walimuua Pascal Kabungulu, mtetezi wa haki za binadamu wa Héritiers de la Justice, nyumbani kwake, hapa hapa mjini. Nilipopata habari nilikaa jikoni. Sikulia. Mikono ilikufa ganzi. Usiku tulizima taa. Tukalala sakafuni, watoto katikati. Mbwa akibweka, nashika pumzi. Nilianza Baba Yetu. Nikakwama. Mume wangu akaimalizia.

Nilitaka kuirudisha ile faili. Mama yangu akashuka kutoka Kabare na unga wake wa muhogo, akatandika mkeka mlangoni, akasema atakayeingia ataanza na yeye. Dada zangu wakawachukua watoto. Siku ya kesi, akina mama wa kanisa walinisindikiza kwa vitenge vyao, wakajaza mabenchi ya nyuma. Niliposimama kusema, sauti ilitoka. Mshtakiwa mmoja alifungwa. Wengine hawakukamatwa kamwe, na hilo bado linaniuma.

Sheria ya Julai 2006 ikakaza adhabu za ubakaji. Mwaka 2016 ile idhini ya mume ikafutwa. Desemba 2017, huko Kavumu, karibu na Bukavu, mahakama ya kijeshi ilimpa kifungo cha maisha Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na wenzake kumi, kwa ubakaji wa watoto wadogo wa kike. Siku hiyo nilipiga magoti nikashukuru.

Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, simu ikilia usiku moyo unaruka tena. Nawe kama unapigiwa simu kama hizo, mwamshe mtu wa nyumbani, usizisikilize peke yako. Binti yangu wa mwisho anasomea sheria. Nimemweleza yote, hata zile simu, na hakubali kuacha. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kila akitoka asubuhi tumbo linanikaza.