Watoto Wapendao Ndege, Tuwapeleke Wapi?

Mwenye kusimama juu ya milima ya Litembo, katika Wilaya ya Mbinga, huona miteremko iliyolimwa kwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo. Huko ndege ikipita angani, watoto huacha majembe wakaitazama mpaka ipotee nyuma ya vilima. Si ajabu basi kwamba likizo inapokaribia, kijana humwomba baba yake ampeleke kwenye makumbusho ya ndege.

Ombi hili ni jema. Dini yetu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia, na mtoto apendaye kujua hafai kuvunjwa moyo. Lakini makumbusho ya ndege hayapo katika Mkoa wa Ruvuma, na nauli ya kwenda mbali ni mzigo mkubwa kwa mkulima wa kahawa. Yapasa mzazi ajiulize kwanza: Je, tunakwenda kutazama chuma tu, au tunakwenda kujifunza?

Wengi hawajui kwamba mto Ruvuma umo ndani ya historia ya vyombo vya angani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza chombo cha kuelea hewani kilichojazwa gesi nyepesi, jina lake L 59. Urefu wake ulipita mita 226, nacho kilichukua watu 22 na kiasi cha tani 15 za risasi, dawa na vifaa vinginevyo. Kilikusudiwa kumfikia Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Kijerumani, aliyekuwa akisukumwa na maadui zake kusini ya nchi yetu. Hakikutazamiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema, na ngozi ya njia yake ya ndani ingekatwa viatu.

Tarehe 21 Novemba 1917 chombo hicho kiliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria. Kilipofika Sudan, si mbali na Khartoum, kiliitwa kirudi kwa simu ya upepo. Kikatua tena Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani na mwendo wa kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Ufundi wa safari ile ulistahili kusifiwa. Lakini na tupige hesabu. Tani 15 ni kilo 15,000. Mpagazi mmoja akijitwisha kilo 25, basi mzigo ule ni wa watu 600. Chombo hakikufika, na hata hivyo vita viliendelea mwaka mzima. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Vita viliwezekana kwa sababu mizigo ya pande zote mbili ilipita juu ya vichwa na mabega ya Waafrika. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Chombo kilichorudi njiani kinatajwa vitabuni kwa jina lake. Wale waliobeba mizigo mpaka mwisho, wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Kwa hiyo, kila familia ichaguapo makumbusho, ya ndege au ya kitu kingine, iende na maswali matatu. Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani? Kilibeba nini? Na ni nani aliyelipa gharama yake, kwa mali au kwa roho yake?

Ndugu zetu walioko Ghuba wanayo nafasi nzuri. Huko Sharjah kuna makumbusho ya Al Mahatta, katika kiwanja cha ndege kilichofunguliwa mwaka 1932 kwa ajili ya ndege za Waingereza zilizokuwa zikienda India. Mtawala wa Sharjah, Sultan bin Saqr Al Qasimi, alifanya mapatano nao, na nyumba ya ngome ikajengwa ili abiria walale salama. Humo zimo ndege za kale za rafadha, na uwanja wenyewe sasa umekuwa barabara ya mji. Mzazi amwonyeshe mtoto jinsi mji wa wapiga mbizi wa lulu ulivyokuja kuwa kituo cha safari za dunia.

Walioko pwani waende Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako umo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Manowari hiyo ilijificha katika delta ya Rufiji, na mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliitafuta kutoka juu, kisha zikaelekeza mizinga iliyoiangamiza. Mtoto akiuona mzinga ule, atafahamu kwamba tangu siku hizo hapakuwa tena na maficho yasiyoonekana kutoka juu.

Na wa Litembo? Rai yetu ni kwamba waende Songea, katika Makumbusho ya Majimaji. Hapana shaka kijana atasema, “Lakini baba, kule hakuna ndege!” Aambiwe kweli wala asidanganywe: hakuna. Ndege za leo anaweza kuziona zikitua katika kiwanja cha Songea, akiwa nje ya uzio. Lakini katika makumbusho yale ataona mikuki, ngao na kaburi la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Watu wale waliambiwa kwamba dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji, wakaikabili bombomu kwa vifua vyao. Kabla yao, mwaka 1902, Wamatengo walikuwa wamepambana na Wajerumani hao hao papo hapo Litembo.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo ndege iliyopakwa rangi mpya haiwezi kulitoa peke yake. Mababu zetu hawakupungukiwa ushujaa. Walipungukiwa elimu ya silaha iliyowakabili. Na waliowaua hawakupungukiwa elimu, walipungukiwa uadilifu. Kijana anayetaka kuwa rubani au fundi wa ndege yampasa ayapate yote mawili. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali pale akaomba radhi kwa yale waliyoyatenda Wajerumani. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 100.

Wanaokwenda na waondoke Litembo alfajiri baada ya sala, kwani njia ya milimani hadi Mbinga ni ya taratibu, na kutoka hapo hadi Songea ni kiasi cha kilomita 100 za lami. Wachukue chakula chao na daftari moja kwa kila mtoto. Wasipande juu ya makaburi, wala wasifanye kelele. Wamsikilize mwelezaji mpaka mwisho, ndipo waulize. Na kabla ya safari, wawaombe wazee wa kijiji wawasimulie habari za 1902, ili wasiende Songea kama wageni katika historia yao wenyewe.

Kijana akirudi jioni na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo, nauli haikupotea. Na siku Mwenyezi Mungu akimjaalia kufika Sharjah au Ulaya, akasimama mbele ya ndege kubwa inayong'aa, hatauliza kasi yake tu. Atauliza pia ilibeba nini, na kwa ajili ya nani.