Deni Halikuungua

Mimi ni muuza nguo za watoto za mtumba katika Soko la Karume, Ilala, lile ambalo wengine wanaliita Mchikichini. Ninakaa Buguruni. Wenzangu wa kikoba wameniomba mara nyingi niandike jinsi nilivyosimama tena baada ya moto, na nimekuwa nikisita kwa sababu shuhuda nyingi za biashara huishia kwenye gari na nyumba. Mimi sina gari. Nina meza mbili, mzigo uliolipiwa, na watu wanaonikopesha bila kuuliza maswali. Nitaeleza nilivyofika hapo.

Kwa asiyeijua biashara hii, siku yetu huanza kabla ya jua. Mwenye belo, yaani robota la mitumba, analikata mikanda alfajiri, wachuuzi tukiwa tumemzunguka, na mikono inaingia. Gauni zima lenye vifungo vyote linakwenda kwa bei moja, fulana iliyofifia kwa nyingine, na zilizobaki zinauzwa kwa mafungu. Kukipambazuka, bora zimeshachukuliwa. Ndiyo maana mtu wa Tabata anayekuja saa nne hulalamika kwamba Karume siku hizi hakuna kitu.

Wengi wetu hatulipi taslimu. Tunachukua kwa mali kauli: mzigo leo, fedha ukishauza. Hakuna mkataba wala dhamana. Kuna jina lako, kiasi, na namba yako ya simu katika daftari la mwenye mzigo. Ukilipa kwa wakati, safari ijayo anakuongezea. Ukimzungusha, anawaambia wenzake, na ndani ya wiki soko zima linajua.

Mwaka 2021 ulikuwa mgumu kwa wafanyabiashara wa Ilala. Usiku wa Julai 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo alilolichora msanifu Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa miguu, kwa hiyo tulikwenda kuwapa pole wenzetu. Baadhi yao walihamishiwa Kisutu, na wengine Machinga Complex, jirani yetu kabisa. Oktoba ya mwaka huohuo machinga wakaondolewa barabarani jijini. Sisi tuliokuwa na meza ndani ya soko tukajiona wenye bahati.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, 2022, ikawa zamu yetu. Soko la mbao, mabati, maturubai na nguo haliupi moto kazi kubwa. Nilipofika, Zimamoto walikuwa wanamwagia maji mabaki. Meza yangu, sanduku la kuhifadhia na mzigo niliokuwa nimeuchukua siku chache kabla vilikuwa vimeteketea. Sikuwa na bima. Kati ya majirani zangu sikumjua hata mmoja aliyekuwa nayo.

Watu walilia mali. Mimi siku ya kwanza nililia mali, siku ya pili nikaanza kuhesabu, na hesabu ndiyo iliyonitoa usingizi. Karibu kila kilichoungua hakikuwa changu. Nguo zilikuwa za mwenye belo, na hela yake ilikuwa bado inatakiwa.

Kabla majivu hayajapoa vizuri wakaanza kuja watu wenye fomu. Walikuwa wakopeshaji wa mikopo ya haraka, ile tunayoiita kausha damu. Unapewa fedha siku hiyohiyo, ada inakatwa juu kwa juu, na marejesho yanaanza kesho yake, uuze usiuze. Jirani yangu wa meza alichukua. Alikuwa na watoto wa shule na Januari ni mwezi wa ada, simlaumu. Miezi michache baadaye walimbebea friji na kitanda, na bado wakasema deni halijaisha.

Wengine walizima simu. Walibadilisha laini, wakahama mtaa, wakarudi mikoani kwao. Nami nilikuwa nimeshaanza kufungasha kwenda Handeni kwa wazazi. Aliyenizuia ni mama mkubwa, ambaye aliuza samaki soko la Feri miaka mingi na hakuwahi kusoma kitabu cha ujasiriamali.

"Unakwenda Handeni kumtafuta nani?" akaniuliza.

"Mama, nimeishiwa. Yule mzee mwenye belo atanidai nini?"

"Atakudai chake. Dawa ya deni kulipa, na huna cha kulipa, najua. Basi mpelekee uso wako kwanza. Mtu akiuona uso wako hakuiti mwizi."

Nilikwenda Jumatano. Mwenye belo alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ghala lake, daftari mapajani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Nilijua ama utakuja ama utapotea. Kaa."

Tukalinganisha hesabu. Yake na yangu ziliachana kwa shilingi elfu kumi na tano. Yeye aliandika pungufu. Nikamwambia. Akanitazama, akachukua kalamu, akasahihisha, wala hakunishukuru. Kisha akanipa masharti. Deni la zamani atalihamishia kwenye ukurasa wake peke yake. Atanipa mzigo mpya, nusu ya ule niliozoea, nimalize kuulipa kila wiki kabla ya kuchukua mwingine. Na kila nikilipa mpya, niweke chochote kwenye ule ukurasa wa zamani, hata elfu tano.

"Ukikwama wiki yoyote, nipigie wewe," akasema. "Nikikupigia mimi, tumemalizana."

Nilimuuliza kwa nini ananiamini. Akasema hakuna imani hapo, ni hesabu: nikikimbia amepoteza mzigo na mteja, nikibaki amepoteza muda tu.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, na ndilo lililonibadilisha. Mpaka siku ile niliwaona wote wanaonidai kuwa kundi moja la kuogopwa. Kumbe wanatofautiana sana. Mwenye belo anapata nikiuza. Nikianguka, naye anapungukiwa. Mwenye kausha damu anapata zaidi nikichelewa, maana kila siku ya kuchelewa ina faini yake, na mwisho wa yote kuna friji. Wa kwanza ukiwa na shida mfuate mbio. Wa pili usimkaribie kabla ya shida wala baada yake. Maneno haya ningeyajua mapema kama ningeuliza swali moja kabla ya kukopa kwa mtu yeyote: huyu atafaidi nini nikishindwa?

Sheria ipo, na mfanyabiashara mdogo anapaswa kuijua. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu. Anayekasirika ukimuuliza ameshakujibu.

Nusu ya mzigo haikutosha kulisha nyumba. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa Karume, mchana nikawa winga Kariakoo. Winga hana duka wala mzigo. Anampokea mteja Mtaa wa Msimbazi au Kongo, anamuuliza anatafuta nini, anampeleka kwenye duka analolijua, na anakula kilichozidi juu ya bei ya mwenye duka. Watu wanawadharau mawinga, na wapo wanaostahili. Lakini kwangu ile ilikuwa shule ambayo nisingeingia kama ningebaki na meza yangu.

Nilijifunza kwamba Kariakoo nzima inakwenda kwa kukopeshana. Fremu, yaani chumba cha duka, ninayoiona imejaa mabegi mpaka mlangoni, nusu ya mabegi ni ya mtu mwingine. Mteja wa kutoka Lubumbashi au Lusaka anaacha hela kwa mtu wa duka na kuondoka bila hofu. Kontena linachangiwa na watu wanaojuana kwa majina ya utani tu. Nikawaona matajiri waliolipa kilemba kikubwa, ile fedha ya kuingilia, ili wapate fremu, kisha mzigo ukachelewa bandarini na kodi ya pango haikungoja. Hao hawakuunguliwa na kitu, na bado walifunga. Nikaacha kujiona mimi ndiye mwenye mkosi peke yangu Dar es Salaam.

Mei 2023 nikapata somo jingine. Tarehe 15 maduka ya Kariakoo yalifungwa. Wafanyabiashara waligoma kwa malalamiko ya kodi na namna walivyokuwa wakikamatwa na maofisa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja tarehe 17. Siku zote hizo winga hana kazi, maana hakuna mlango wa kumpeleka mteja. Lakini nilikuwa nimeandika namba za wateja wangu wote na wanachopenda: huyu ana pacha wa miaka miwili, yule ana duka dogo Kibaha. Nikawapigia, nikawatumia picha za nguo zangu za Karume, na wakanunua. Toka hapo sikuwa tena mtu wa kusubiri mpita njia. Juni 2024 mgomo uliporudi, ulinikuta nimejipanga.

Deni la zamani lilikwisha mwaka uleule wa 2023. Mzee aliuchana ule ukurasa, akanikabidhi, akanirudishia kiwango changu cha mwanzo cha mzigo. Hakukuwa na hotuba.

Mambo niliyoyabadilisha ni machache. Sihifadhi mzigo wote sokoni. Kila jioni sehemu inarudi nyumbani, na nyingine iko kwa dada mmoja Vingunguti anayeuza kwa kamisheni. Daftari nina mawili, moja halilali sokoni kamwe. Fedha ya mwenye belo naitoa kwenye mauzo siku hiyohiyo na kuiweka kwenye laini ya simu ambayo mume wangu na watoto hawaijui namba yake ya siri. Akiba yangu iko kwenye kikoba, ambako tunakutana kila wiki na anayechelewa kulipa anaeleza mbele ya wote. Na kikundi chetu kimeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao sheria inawagawia wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, bila riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Foleni ni ndefu, lakini ni foleni ya halali.

Kuhusu bima, ulizeni. Tangu 2022 sheria imeyaingiza masoko ya umma katika bima ya lazima, na wengi sokoni wakadhani wamekingwa. Bima ya jengo la soko hailipi nguo zilizo juu ya meza yako. Hilo ni la kwako kulitafuta.

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mtaa ule nilikuwa nikiupita na wateja karibu kila siku nilipokuwa winga. Naliandika hili kwa sababu baada ya msiba ule nilisikia watu wakisema kila janga lina mafunzo yake kwa mjasiriamali. Sikubaliani nao. Aliyefunikwa na kifusi hakufundishwa kitu. Hata moto wa Karume haukunifundisha. Uliniunguzia mali, basi. Waliosimama jirani yangu walikuwa na akili na bidii kama zangu, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na mama mkubwa wa kunisukuma mlangoni na mzee aliyejua kupiga hesabu ndefu. Anayesimulia kuinuka kwake bila kuwataja waliomwinua anawadanganya wanaomsikiliza.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwenu wenye mizigo na maduka ya jumla. Mchuuzi wako akiunguliwa, akiibiwa au akiuguliwa, mpe ukurasa wake na nusu ya mzigo kabla hujampa polisi. Utarudishiwa.

La pili ni kwako uliyeanguka. Leo jioni andika jina la kila anayekudai na kiasi chake, hata kama kinatisha. Tenga wanaopata ukisimama na wanaopata ukianguka. Kisha mfuate mmoja wa wale wa kwanza, asubuhi, kabla hajakutafuta, na umwambie kiasi unachoweza kulipa wiki hii. Akikataa, utakuwa umejua pa kusimama. Akikubali, umeshaanza biashara upya.